Breki ya Upande Wangu

Mwezi ule shule yetu ya udereva ilipokea wanafunzi wabovu kuliko wote niliowahi kufundisha, na nimefundisha miaka kumi na minane. Gari linazima mlimani, linazima tambarare, linazima hata pale ambapo mbuzi angeliendesha. Niliwatukana kwa adabu, maana bosi hapendi makelele.

Aliyenichosha zaidi alikuwa Mama Pacha, mwoka mikate wa makamo aliyetaka leseni ili asambaze mikate yake mwenyewe. Usukani aliukanda kama unga. Somo la tatu nilimwambia wazi kwamba wengine Mungu aliwaumba wawe abiria. Akasema, "Sawa, mwalimu."

Mimi nami nilikuwa na langu. Ganzi ilianzia kwenye nyayo, ikapanda mpaka magotini, halafu ikanibana kiunoni, utadhani nimefungwa mkanda na mtu mwenye chuki. Daktari wa mishipa ya fahamu alinigonga magoti kwa kinyundo, akanichoma pini nisizozihisi, kisha msomi mzima yule akatoa hukumu: huenda uti wa mgongo umevimba kwa ndani, huenda sivyo, tusubiri picha. Huenda! Shemeji yangu, ambaye hajasomea chochote, angalau ana uhakika: ni sakafu ya baridi.

Mke wangu aliuliza kama nimekatazwa kazi. Nikamjibu nimekatazwa kuendesha gari, na mimi siendeshi. Wanaoendesha ni wale vichwa maji. Nilijiona mjanja. Ukweli ni kwamba niliogopa. Bosi akijua, kile kiti nakikosa, na hakuna kazi nyingine ninayoijua.

Kiti chenyewe ni cha abiria, na mbele yake kuna breki ya pili, ya mwalimu, ya kuokoa watu pale mwanafunzi anapokosea.

Somo la nne, Mama Pacha aliingia barabara ya sokoni. Gari likawa zito, likakohoa, likazima katikati ya njia, na honi zikaanza nyuma yetu. Nikaanza mahubiri yangu. Safari hii hakusema sawa. Aliangalia chini, upande wangu.

"Mwalimu, naomba utoe mguu kwenye breki."

Nikacheka kwa dharau. Mguu wangu uko sakafuni, ningekosaje kujua? Kisha nikainama. Kiatu kilikuwa kimelala juu ya breki, kimestarehe. Nikauamuru mguu utoke, nao ukajifanya hausikii. Ikabidi niishike suruali kwa mikono miwili, niuondoe kama mzigo wa mtu mwingine.

"Niliuona tangu somo la pili," alisema. "Nikadhani ndivyo mnavyofundisha, mnatuzuia makusudi ili tuzoee. Nikaona aibu kuuliza."

Yeye ndiye aliyeona aibu. Mimi niliyemwita abiria nilikuwa nimekaa pale mwezi mzima nikiwazuia watu, halafu nikiwatukana kwa kutokwenda.

Akawasha gari, likaondoka laini kabisa. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu akasimama mwenyewe, polepole, watu wakapita.

"Na kama nisingesimama," aliuliza, "ungeikanyaga breki yako?"

Nikamwambia ageuze turudi.

Uani mwa shule nilichomoa funguo, tukashuka. Bosi alipoona tumerudi mapema akasonya. Akauliza kama ni huyu mama tena, maana ripoti zangu kumhusu zilikuwa zimemtosha na siku hiyo hiyo angemwondoa. Mama Pacha akainamisha kichwa. Alijua kila kitu na hakusema neno. Ningenyamaza nami, yangeishia hapo, na kesho ningekaa kitini kama kawaida.

"Si yeye," nikasema. "Wala wenzake. Ni miguu yangu, bosi. Imekufa ganzi, na daktari alishanikataza."

Bosi akanyoosha mkono. Nikamkabidhi funguo, halafu nikaangalia chini kuhakikisha kwamba bado nimesimama.