Komeo la Ndani ya Kompyuta

Jumatatu moja ya mwaka 2004, Bi Mwanakheir wa Mkunazini alirudi kutoka Darajani na kikapu cha changu, akakuta nyumba yake haina mlango. Palipokuwa na mlango pana ukuta, umepakwa chokaa mpaka chini. Akatanguliza kikapu dirishani, akapandisha buibui, akaingia nyuma yake. Samaki kwanza. Alipokwisha kuwatia chumvi na ndimu, akatoka kwa dirisha lile lile, akaenda ofisi ya nyumba.

Huko alikuta kompyuta imegoma. Jumamosi ilitiwa programu mpya, na kazi ya programu hiyo ilikuwa kuwafuta wapangaji waliokwishafariki. Ikamfuta marehemu Msabah, mumewe Bi Mwanakheir, ambaye nyumba iliandikwa kwa jina lake. Tangu siku ile mashine ikiwashwa huguna, ikatoa kistari kimoja cheupe juu ya kioo cheusi, basi.

"Hatuwezi kujua mlango wako uko wapi mpaka hii iwake," alisema Bwana Mansour, mkuu wa ofisi. "Sistimu, bibi."

"Mie sikuuliza sistimu. Nauliza mlango."

Fundi Himid alikuwa keshabadilisha waya, keshapuliza vumbi, keshaitia mashine kofi la ubavuni. Akachukua bisibisi, akafungua. Ikatoka harufu ya kahawa ya tangawizi. Ndani, baina ya nyaya, wazee waliofutwa walikuwa wamekaa barazani wanacheza karata, kila mmoja kimo cha kidole gumba.

"Nani huyo anaingia bila hodi?" aliuliza mmoja, hata macho hakuinua.

Himid akafunga, akagonga. "Hodi! Hodi!"

"Karibu. Umeona ustaarabu? Ile programu yenu ilivamia kama mwizi. Ndiyo maana tumetia komeo."

Bi Mwanakheir akainama. "Msabah! Umekufa na karata hujaacha?"

"Naam, mke wangu. Umeniletea kashata?"

"Kashata! Nami nnaingia kwangu kwa dirisha kama paka?"

Msabah akaweka karata chini. Komeo litatoka, alisema, mkuu akiahidi kurudisha mlango. Mansour akatia mkono kifuani: "Wallahi nitaurudisha, mashine ikiwaka tu." Wale walikuwa watu wa zamani, kiapo cha mtu mzima kiliwatosha. Wakavuta komeo, kompyuta ikawaka.

Kioo kikaonyesha kuwa mlango umehamishiwa hoteli mpya ya Shangani, mali ya shemeji yake Mansour. Amri ya kuuhamisha iliandikwa Ijumaa, programu haijafika. Mansour akasoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Unaona, bibi? Sistimu."

"Umeapa," alisema Himid.

"Nimesema ikiwaka. Mwaka sikuutaja."

Kuanzia hapo Mansour hafiki kazini mikono mitupu. Kila asubuhi hupiga hodi ubavuni mwa kompyuta, akaingiza kahawa na kashata. Wazee hawajatia komeo tena; kashata kama zile, wanasema, hawajazipata tangu wafe. Msabah bado ana hasira, lakini siku hizi karata zinamkubali. Mashine haina ugonjwa, na ofisi nyingine huja kuuliza fundi wake nani.

Kule Shangani mlango ulitiwa kwenye chumba bora, kinachotazama bahari. Mgeni akiufungua, hutokea jikoni kwa Bi Mwanakheir. Wengine huja na taulo kiunoni. Bi Mwanakheir huwarudisha nje wapige hodi kwanza, kisha huwapa changu wa kukaanga, na wakishiba huondoka kwa mlango ule ule, warudi hotelini.

Siku moja aliwafuata. Mlinzi wa hoteli akamzuia kwa adabu zote.

"Shikamoo, bibi. Mlango huu wa wageni."

"Marahaba, mwanangu."

Akarudi jikoni, akapunguza moto, akapandisha buibui, akatoka kwa dirisha kwenda kununua ndimu. Wageni wa jioni walikuwa hawajafika.