Amri ya Toa

Jumanne asubuhi, juu ya duka la vyakula vya kuku pale Noonkopir, Jentrix alikuwa anatafutia kamusi majina ya amri. Alikuwa anatunga lugha ya kompyuta ya Kiswahili, na katika lugha hiyo kamusi ndiyo hutunza vitu viwili viwili: namba ya ploti huku, jina la mwenyewe kule. Amri ya kuingiza aliiita weka. Ya kuuliza ploti ni ya nani akaiita toa, kwa sababu hata darasani mwalimu husema toa jibu. Hakukosea Kiswahili, tusimsingizie. Ni vile tu kutoa pia ni kuondoa.

Kampuni moja ya kuuza ploti ikaichukua lugha hiyo. Wiki hiyo hiyo Evalyne Wathome, mama mfuga kuku kutoka Isinya, akaenda kwenye kampuni kuuliza kama jina lake liko kwenye ploti yake. Karani akaandika toa. Jina likatokea vizuri, herufi zote. Kule Isinya nyumba yake nayo ikatoka, isionekane tena, pamoja na choo na banda, wakabaki kuku mia mbili wamesimama kwenye nyasi. Majirani wakawarushia mahindi, wakarudi kazini.

Evalyne alikuja Noonkopir kwa Jentrix siku iliyofuata.

"Wewe ndiye uliandika hiyo toa?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa nitalala wapi? Niko na watoto watatu."

Aibu ilimshika Jentrix hadi masikio yakawaka. Hapo hapo akatunga amri nyingine, soma, akampigia simu Peterson, meneja wa kampuni.

"Hiyo soma inafanya aje?"

"Inaonyesha jina, na jina linabaki."

"Na nyumba?"

"Pia inabaki."

"Aah, madam, wacha tu ile ya kwanza. Tumeizoea."

"Basi mrudishe Evalyne. Andika weka."

"Itakataa. Hiyo ploti iko na jina langu sasa."

Ni kweli ingekataa. Namba moja, jina moja: sheria hiyo Jentrix aliiandika mwenyewe, kuzuia wezi. Mezani kwa Peterson kulikuwa na orodha ya watu kumi na tisa waliotaka kuulizia ploti zao Ijumaa.

Evalyne alikuwa amesikia yote kwenye spika ya simu. "Na sasa mtu akiuliza kuhusu mimi, inajibu aje?"

"Inajibu hakuna."

"Hakuna," alisema Evalyne polepole. Kisha akauliza kama hapo chini wanauza chakula cha kuku kwa kilo moja moja.