Mimea Iliyokuja Kumjulia Hali Fundi Saa

Fundi saa alipatwa na kiharusi saa nne asubuhi, akiwa ameinamia saa ya mteja. Kibano kilimdondoka, mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukagoma. Hospitali walimlaza siku sita, wakamwambia mkewe kwamba ubongo umevimba, na dawa nzuri ya kutuliza uvimbe huo bado inafanyiwa utafiti. Wakamruhusu.

Mkewe aliujua utafiti huo. Mwaka wa kumi na tatu sasa alikuwa akipiga deki kwenye maabara yenyewe. Majani ambayo watafiti walikuwa wakisaga na kuwapa panya yalitokana na mbegu alizozileta yeye, baada ya kumsimulia mtafiti mkuu jinsi mama yake mzazi alivyowauguza waliopooza. Sasa mimea ilifungiwa kwenye banda la vioo.

Aliomba majani machache.

"Mama, hayajaidhinishwa kwa binadamu," mtafiti alisema kwa upole. "Nikikupa, nitakuwa nimevunja sheria."

"Nimekuelewa, Daktari."

Nyumbani, fundi alikuwa amebakiwa na neno moja tu: Alhamisi. Akisikia njaa, Alhamisi. Akitaka kugeuzwa, Alhamisi. Mkewe alijifunza kuzitofautisha kwa sauti. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa wa moto kiasi cha kukausha kitambaa cha maji kabla hajakikunja vizuri.

Jumanne asubuhi alifungua mlango akakuta mmea mmoja umesimama kizingitini, chungu chake kimejaa vumbi la barabarani. Akaupisha. Ukaenda moja kwa moja chumbani, ukamlazia mgonjwa jani kwenye kipaji cha uso. Kufika jioni jani lilikuwa limekauka kama lililobanikwa. Kesho yake ukaja mwingine kupokea zamu, wa kwanza ukahamia uani. Ilipokezana hivyo majuma matatu, bila usumbufu, na mke aliipa maji kama ambavyo angempa mgeni yeyote.

Juma la nne, fundi alionja chai, akaweka kikombe chini.

"Bi Mdogo," alisema, jina la utani alilompa ingawa mke mkubwa hakuwahi kuwepo, "chai hii umeisahau sukari."

Mkewe akaenda jikoni, akalia kidogo, akarudi na sukari.

Mchana mtafiti alifika kuulizia mimea yake.

"Imekuja yenyewe?"

"Yenyewe, Daktari."

Akaitikia kwa kichwa. Akampima fundi, akakagua majani makavu, akaandika kurasa mbili, akanywa chai.

Ripoti ilipochapishwa, mke aliisoma akifuta vumbi mezani kwa mtafiti. Waandishi walikuwa sita. Kuhusu mbegu iliandikwa tu kwamba "zilipatikana kienyeji". Jioni akamhadithia mumewe.

"Si ungewaambia?"

"Nimewaambia. Wanasema ikishachapwa haiguswi."

Fundi akasonya, akarudi kwenye zoezi lake la kushika kibano. Lilikuwa likienda vizuri. Walikula pamoja, wakachekana, wakalala mapema.

Jumatatu mimea ilirudi kazini. Ilimfuata mke kwa mstari hadi maabara, akaifungulia mlango. Mtafiti mkuu aliipokea mmoja mmoja, akaibandika namba mpya, akaifungia bandani. Ilikuwa imedondosha udongo korido nzima. Mke alijaza ndoo maji, akapiga deki, maana hiyo ndiyo kazi aliyoandikiwa.