Posa ya Mvuvi wa Kasokoni

Mama aliketi juu ya mzizi uliokatiza njia, akavua kiatu, akambandua ruba kifundoni kwa ukucha, polepole, kama anayetoa mbegu ya pilipili jinoni. Nikamwambia bado tunaweza kurudi. Alivaa kiatu, akakaza mtandio, akaendelea kuupanda msitu.

Alikuwa mjane wa siku nyingi, mwenye shamba la mdalasini na magoti mabovu. Mvua zilipoanza kupungua, Saharudin, mvuvi wa kule juu ziwani, alimtuma binamu yake kuleta posa. Tulimjua sote. Siku za soko alishuka na samaki wake wa moshi, akauza bila maneno mengi, akarudi mlimani. Kwetu Kerinci mume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo binamu alitamka kwa fahari kwamba Saharudin yuko tayari kuliacha ziwa. Majirani walimpongeza Mama. Yeye aliomba muda wa kufikiri, kisha akanitaka nimsindikize.

"Mtu akinihamia," alisema, "sharti nijue anahama wapi."

Msitu ulituachia ghafla. Chini yetu, ndani ya kasoko ya mlima uliozimika zamani, maji ya kijani kizito yalikuwa yametulia, ukungu ukitambaa juu yake, na vilele vimeyazunguka kama walaji waliozunguka sinia moja. Nilizaliwa chini ya mlima ule na sikuwahi kupanda. Mama alitazama, kisha akashuka upesi kuliko magoti yake yalivyostahili.

Saharudin alitukuta mlangoni pa kibanda chake. Alikuwa kifua wazi, ndoo ya kamba wabichi mkononi. Aliingia ndani mbio, akatoka na shati amelivaa mishono nje, akatumiminia kahawa, nyingine ikamwagikia mkekani. Mama alimuuliza habari za nyavu, naye akajibu kwa neno mojamoja. Nikaona posa imekufa. Ndipo Mama alipoomba apandishwe mtumbwini.

Mimi nilibaki ufukoni nikigeuza samaki juu ya moshi. Sokoni Saharudin alikuwa mtu wa kujibana ukutani. Majini alikuwa na mabega. Alipiga kasia bila kurusha tone, na sauti yake ilinifikia ikiwa pana, ikitaja jina la kila kilele, ikieleza upepo unapoanzia na samaki wanapokimbilia mvua ikinyesha. Kila alikoelekeza kidole, Mama aligeuza shingo kama mwanafunzi.

Waliporudi, Mama hakushuka mtumbwini.

"Saharudin, huwezi kuhama hapa."

Alilitazama kasia lake. "Nimekuelewa, Bi Rasima."

"Hujanielewa. Sikupanda mlima huu kuja kukukataa. Nasema ziwa usiliache. Utashuka Alhamisi, Ijumaa utasali na wenzako, utakula kwangu, utapumzika. Jumapili unapanda. Na mimi, magoti yakiniruhusu, nitakuwa nakuja."

"Watu watasema."

"Kwani wamewahi kunyamaza?"

Saharudin akalaza kasia magotini. Maji yakaugongagonga ubavu wa mtumbwi.

"Na magoti yasipokuruhusu?"

"Huna mgongo?"

Nikainama upesi juu ya samaki wangu, maana kuna maneno ya mzazi ambayo mtoto, hata mwenye watoto wake, hapaswi kuyasikia. Moshi ulinitoa machozi. Nilikuwa nacheka.

Ndoa ilifungwa nyumbani kwetu baada ya mavuno ya mpunga. Bwana harusi alivaa koti la kuazima, lakini ngozi yake ilikuwa imekolea moshi hivi kwamba imamu alipiga chafya katikati ya khutba, na Saharudin akamwomba radhi kwa sauti ya chini.

Wanawake wa sokoni waliniuliza kwa miaka mingi kama ile ilikuwa ndoa au nyumba ya wageni. Nilichokijua ni kwamba kila Alhamisi Mama alianza kupika mapema mno. Wali ulipoa, akaupasha moto, ukapoa tena, naye akazunguka jikoni akiimba kwa pua, kana kwamba hana haraka na mtu.