Mafuta ya Baba Mbele ya Cheche

Baba aliingia maabara amekumbatia mkate kama mtoto mchanga. Ulikuwa mkate wa tanuri, wa moto bado, umefungwa kitambaa. Alikuwa ametoka shambani na basi la asubuhi kuja mjini Sfax kuona mafuta yake ya zeituni yakipigwa umeme.

"Mwaka mzima nahangaika na mizeituni, halafu wewe unayachoma?"

"Siyachomi, Baba. Nayapima."

"Yana kosa gani?"

Monsef, mwenzangu wa utafiti, akacheka. "Ami Khlifa, binti yako Hayet anataka kuyafanya yakae ndani ya transfoma."

Ndivyo hasa nilivyotaka. Mafuta ndani ya transfoma yana kazi mbili: kuuzuia umeme usiruke ovyo, na kulibeba joto kulitoa nje. Yanayotumika zaidi hutokana na petroli, na yakimwagika, udongo huumia miaka. Mimi nilikuwa nimechukua mafuta ya baba, nikatia chembe za chuma ndogo zisizoonekana kwa macho. Yakawa meusi tititi. Ukiyasogezea sumaku, yanasimama miiba kama nungunungu. Niliamini kwamba yatauzuia umeme kuliko yale masafi, na yatabeba joto vizuri zaidi.

Profesa Neziha, mkuu wa maabara yetu, alikuwa ameniahidi waziwazi. Mafuta meusi yakiyashinda masafi kwa robo leo, transfoma ya majaribio, ile moja tuliyonayo, ni yangu majira yote ya baridi. Yasipofika robo, anapewa Monsef na mafuta yake ya petroli.

Nikaenda chumba cha pili kuyakoroga meusi. Niliporudi, Baba, Monsef na Profesa walikuwa wamesimama kimya, Profesa anajipangusa pembe ya mdomo. Nilikuwa na haraka, sikuuliza kitu.

Tulianza na masafi. Niliyamimina kutoka kwenye mtungi hadi kwenye kikombe cha kipimo, ambamo tufe mbili za shaba zinatazamana zikikaribia kugusana. Nikapandisha umeme polepole; cheche ikichelewa kuruka, mafuta ni mazuri. Ulipofika volti elfu ishirini tu: ta! Cheche ya buluu ikaruka. Baba naye akaruka. Tukarudia, ikawa vilevile.

Yakafuata meusi. Ishirini, arobaini, sitini. Sabini ndipo cheche ikapita.

"Hayet! Zaidi ya mara tatu!" Profesa alipiga makofi.

Monsef akanipa mkono. "Haya, transfoma ichukue. Na mimi nilishaanza kuipa jina."

Baba peke yake hakuinuka kwenye kiti chake. "Kwa hiyo mafuta yangu ni dhaifu," alisema. "Mpaka yatiwe kutu ndiyo yawe na maana."

Nilicheka, nikabeba vikombe kwenda kuviosha. Nilipokiinua kile cha mafuta masafi kwenye mwanga, nikaona kitu chini kabisa. Nikakitoa kwa kibano. Ilikuwa chembe ya mkate, imeng'ang'ania punje ya habasoda.

Nilisimama pale kwenye karai. Nyuma yangu Monsef alikuwa akimuuliza Profesa lini waihamishie transfoma upande wangu. Ningefungua bomba tu, chembe ikaenda na maji, basi. Lakini siku moja mtu angeijaza transfoma ya zahanati fulani kwa kuiamini namba yangu. Na baba angerudi shambani akidhani mizeituni yake ina kasoro.

"Nani ameonja mafuta yangu?"

Monsef akakohoa. "Mimi, kidogo. Ami alinikatia kipande. Ningekataaje? Mafuta mapya, Hayet!"

"Yamekaa mezani, watu wamesimama, hakuna anayekula," baba alisema. "Nyumba gani hiyo? Niliona aibu."

"Si nyumba, Baba! Ni maabara! Mmechovya wapi?"

"Kwenye mtungi. Sahani hamna humu."

Nikamtazama Profesa Neziha, ambaye kila mwaka huwaambia wanafunzi wapya kwamba uzi mmoja wa pamba unatosha kuupa umeme njia.

"Mara mbili," akasema taratibu. "Mkate ulikuwa wa moto."

Nilifungua mtungi mwingine uliokuwa umezibwa. Kikombe kipya. Safari hii ishirini ikapita kimya, arobaini ikapita, sitini ikapita. Cheche ilikuja kwenye sitini na tatu. Monsef akapiga mluzi, maana mafuta yake hayajawahi kufika hapo. Meusi yakasimama palepale, sabini.

Profesa hakuhitaji kikokotoo. "Yamezidi, lakini robo haikufika."

"Najua."

"Makubaliano ni makubaliano, mwanangu. Transfoma ni ya Monsef."

Niliitikia kwa kichwa. Monsef alikuwa anaitazama transfoma yake mpya, wala hashangilii.

"Sasa Profesa, niijaze nini?" akasema. "Mafuta yangu yameshindwa na kifungua kinywa. Nataka kuijaza haya masafi. Katikati ya baridi tutie meusi ya Hayet, tuone yanabebaje joto. Leo tumeuliza umeme tu, joto hatujaliuliza. Na sitaki kuifanya peke yangu."

Profesa alinigeukia. "Utakubali kufanya kazi kwenye transfoma ya mtu mwingine?"

"Hata sasa hivi," nikasema.

Baba aliinuka, akaizunguka transfoma, akalipigapiga tangi lake kwa kiganja. "Linachukua mafuta kiasi gani hili?"

Monsef akamwonyesha kwa mkono, usawa wa kifua.

"Lahaula!" Baba alitoa simu, akampigia ndugu yake kwenye kinu cha kukamua. "Wewe, usiuze yale mafuta yaliyobaki. Ndiyo. Ya umeme. Ya umeme, nimekwambia! Hayet atakueleza."

Akanipa simu.