Arobaini kwa Saa

Fundi baiskeli aliyeitwa Risasi alikuwa na maringo ya jogoo mwenye banda lake. Miaka thelathini na mitatu nyuma alishinda mbio za mji, kilomita mia kwa saa mbili na nusu: wastani wa arobaini kwa saa, bila kupungua hata unywele. Mwaka uliofuata mto ulifurika ukaondoka na daraja mdomoni, mbio zikahamia barabara nyingine, na tangu hapo washindi wakawa wanapimwa naye kwa wastani tu. Baiskeli zikawa nyepesi kama unyoya, lami ikapanda hadi vilimani, wastani nao ukapanda: thelathini na tano, thelathini na saba, thelathini na tisa. Arobaini? Ng'o!

"Hivi nyinyi mnapanda baiskeli, au zenyewe ndizo zinawapanda?" aliwauliza kila mwaka, akicheka mpaka meno ya bandia yanahama.

Binti yake, katibu wa chama cha waendesha baiskeli, hakucheka. Alipokuwa na miaka ishirini alimaliza mbio kwa wastani wa thelathini na nane. Mwanamke gani alikuwa amefika hapo? Alikimbilia nyumbani na habari hiyo, roho juu.

"Thelathini na nane?" baba mtu alisema. "Hiyo kasi ya kwenda msibani. Damu yangu haikukufikia, mwanangu."

Kesho yake binti akaiuza baiskeli yake.

Mwaka huu akashinda mwokaji mikate, kwa thelathini na tisa na nusu. Risasi akasimama mbele yake katika ukumbi wa chama, watu wote wakisikia. "Mikate imekuumukia tumboni, bwana mdogo!"

"Sawa, mzee wangu. Daraja si limejengwa upya? Tuipime njia yako."

"Pimeni! Pimeni hata kwa shubiri! Ikipungua kilomita moja, futeni jina langu kwenye daftari la washindi."

"Niandike hivyo, baba?" binti akauliza, kalamu mkononi.

"Andika kwa wino mzito!"

Wapimaji wakaenda, wakarudi. Kilomita tisini na tatu.

Sababu ilikuwa kabatini mwa chama. Zamani njia ilipimwa kwa kidude kinachofungwa kwenye gurudumu la mbele, kikihesabu mizunguko. Hicho kilitengenezewa gurudumu la inchi ishirini na nane. Mwaka ule mpimaji alikuwa Risasi, fundi wa chama tangu hapo hadi leo, naye alikifunga kwenye baiskeli yake mwenyewe, ya ishirini na sita. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi, na kidude hakina akili. Barabara ikarefuka bila kuongezwa hata kokoto.

Kikaoni binti alisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza ratiba ya mabasi.

"Wastani halisi, thelathini na saba na nukta mbili." Akainua macho. "Mimi nilikwenda thelathini na nane, baba."

Risasi akalamba midomo.

"Aliyekifunga kile kidude," akasema, "ni marehemu mama yako."

"Mama? Mama aliyekuwa akiogopa hata pampu?"

"Ndiyo maana akakosea."

Ukumbi ukaangua kicheko, kama kila mwaka. Binti akangoja mpaka wa mwisho akanyamaza. Kisha akachora mstari mmoja kwenye daftari la washindi, taratibu, kwa rula.

"Jina limefutwa," akasema. "Ajenda ya pili, ndugu wajumbe: chama kinatafuta fundi baiskeli anayejua ukubwa wa gurudumu lake."