Maharage ya Mwenyekiti

Baba yangu, Bashiri, alikuwa na duka na lori moja Sumbawanga mjini, na hakuwahi kuielewa kazi yangu ya Chuo Kikuu. Nilimweleza kwamba nachunguza magonjwa, mazingira na usalama wa taifa, jinsi vinavyoshikana. Akacheka. "Yaani Kulsumu, nimekusomesha miaka yote hiyo ili uchunguze kuhara?" Nilinuna siku nzima. Lakini Januari ya mwaka 1979, vijana wetu wakiwa vitani, kuhara ndiko kulikonipeleka kwenye kijiji kimoja karibu na Laela. Jina lake silitaji, na sababu utaiona.

Kijiji kilikuwa na miaka minne. Wakati wa Operesheni ya vijiji vya ujamaa watu walihamishwa kutoka makazi yao ya zamani kilimani, wakapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mistari, kisima kipya kimoja kwa wote. Kurudi huko mahame kulikatazwa. Aliyeonekana huko alihesabiwa mpinga maendeleo, na wawili walishalala mahabusu kwa kosa hilo. Sasa, tangu mvua zianze, watu saba walikuwa wamekufa kwa kuhara.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Leonsi, alikuwa na jibu tayari: kisima kimetiwa sumu. Mtuhumiwa alikuwa amefungiwa kwenye ghala la mahindi, mgambo mlangoni. Aliitwa Wilibrodi, mchuuzi wa dagaa aliyezoea kwenda Kipili ziwani, ambako hufika maboti kutoka Zaire. Kesho yake asubuhi Land Rover ya wilaya ingekuja kumchukua. Katika miezi ile ya vita, mtu akishaitwa mpelelezi, mkewe hakujua atamwona tena lini.

"Ushahidi ni nini, mzee?" nilimuuliza Leonsi.

"Kwake hajaugua mtu. Nyumba za wenzake zinalia, yake imetulia. Kikulacho ki nguoni mwako, binti yangu."

Nakiri kwamba hoja hiyo ilinishika. Kweli, kwa nini hawaugui? Nilikwenda ghalani, nikamuuliza Wilibrodi kupitia upenyo wa mbao. Alinitazama bila hasira.

"Dada, andika kwamba sijui."

Mtu anakabiliwa na jela na hataki kujitetea! Ilinikera, na hamu yangu ikazidi.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari langu. Huko mgeni haruhusiwi kuuliza swali kabla hajala, kwa hiyo kila nilipoingia niliwekewa ugali na maharage. Kwa Beda, kijana aliyemzika mama yake wiki ile, maharage yalikuwa magumu kama kokoto. Niliyameza kwa heshima. Nyumba ya pili vilevile, na ya tatu. "Utusamehe, dada," waliniambia. "Maji ya kisima hiki hayaivishi maharage, hata umalize mzigo wa kuni."

Kwa Marsiana, mke wa Wilibrodi, maharage yaliyeyuka mdomoni. Niliacha kutafuna.

"Mama, haya umeyapikia maji gani?"

Alifunga mlango kwanza, kisha akalia. Wanawake kadhaa walikuwa wakienda mahame kwa siri, ati wanachuma mboga porini, na kurudi na ndoo za maji ya chemchemi yao ya zamani. Waliyafuata kwa ajili ya maharage tu. Yaliyobaki familia iliyanywa, maana ni matamu.

"Wilibrodi akisema, watatukamata wote. Ndiyo maana amenyamaza. Dada, ukiliandika hilo umetumaliza."

Nilimwahidi sitasema. Nilipotoka niliutazama mteremko kwa macho mapya. Vyoo vyote vilichimbwa juu, kisima kikawa chini, na mvua ilikuwa inatiririka kutoka huku kwenda kule. Nilichokuwa nakifundisha darasani kwa michoro kilikuwa mbele yangu kwa matope, nami nilikuwa nimeufunga mdomo wangu mwenyewe, maana bila kueleza kwa Wilibrodi wanakunywa maji gani, mwenyekiti asingeniamini. Niliona aibu kulishika lile daftari.

Jioni nilikaribishwa kwa mwenyekiti. Mkewe, mama Klementina, akaweka sahani. Maharage yalikuwa laini kabisa. Nilimtazama, naye akatazama chini.

"Mke wangu anajua kupika," mzee Leonsi akajisifia, akajiongezea maharage.

Asubuhi gari lilifika na kijiji kizima kilikusanyika. Mwenyekiti akarudia ushahidi wake mbele ya ofisa aliyekuja nalo: nyumba isiyougua ndiyo yenye adui. Nikaomba kusema neno moja.

"Mzee, na kwako ameugua nani?"

"Hakuna. Mungu ametulinda."

"Basi kwa kipimo chako, na wewe upande gari."

Watu waliguna. Leonsi alinijia juu, akaniita mtoto wa mjini asiye na adabu, na sikumjibu kwa sababu ya ahadi yangu. Ndipo Klementina alipotoka kati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya mumewe na kugonga viganja taratibu, kama wanavyomwamkia mkubwa huko.

"Mume wangu, tangu mvua zianze unakula na kunywa maji ya mahame. Ndoo naibeba mimi. Kama ni kosa, nifunge mimi."

Marsiana akaja kupiga magoti kando yake. Kisha mwingine, hadi wakawa tisa. Ofisa alinitazama, nikamwonyesha kwa kidole vyoo, halafu kisima. Hakuhitaji mhadhara. Leonsi akamwambia mgambo afungue ghala.

Nilikuwa nimeanza kufurahi, tena kwa majivuno, Beda alipouliza, kwa sauti ndogo, "Mama Klementina, mbona hamkumwambia mama yangu?"

"Tuliogopa, mwanangu. Tena tulidhani ni maji ya maharage tu."

Beda aligeuka akaondoka. Aliingia kwake, akatoka na ndoo ya mama yake, akashika njia ya kilimani mchana kweupe. Mgambo alimgeukia mwenyekiti akisubiri amri.

"Mwacheni," mzee Leonsi alisema, akavua kofia.